Tarishi wa Mitaa ya Bujumbura

Simu ya upepo kutoka Kigoma ilikuwa na maneno manne: "Mgonjwa kafika. Chukua dawa."

Mwaka ulikuwa 1973. "Dawa" ilikuwa orodha ya wakimbizi mia mbili wa Burundi waliokuwa Kibondo, na waliokuwa wakiingoja ng'ambo ya mpaka hawakutaka kuwapelekea salamu. Walitaka kuwaua.

Mjumbe wao alikuwa amekamatwa asubuhi Munanila. Tamimu, mtu wa Usalama, alikwenda badala yake, akijifanya ndiye.

Sasa alikuwa ndani ya ghala la kahawa, Kasulu, mlango umepigwa kufuli nyuma yake. Mbele, bastola ya Browning mkononi mwa Leonidasi, yule "mgonjwa" mwenye orodha.

Dirisha hakuna.

"Bwana, wewe unatoka Bujumbura. Kutoka sokoni kwenda kanisani unapita wapi?" Leonidasi akauliza.

Wiki nzima Esteri, mkimbizi aliyekuwamo kwenye orodha ile, alikuwa amemfundisha. Rue du Marché ni mtaa wa soko. Sema *ri di marshe*. Avenue des Palmiers ni barabara ya michikichi. Sema *palmiye*, ile s ya mwisho imeze.

Tamimu akaimwaga mitaa yote bila kukwama. Akajiona fundi.

Leonidasi akafungua usalama wa bastola.

"Watu wa kule wanasema kwa Mgiriki, kwa padri, kisimani. Vibao nani anavisoma? Wewe umekariri."

Tamimu aliogopa, tena sana. Esteri alimwonya hivyo hivyo, naye kwa ujuaji wake akasahau.

"Tarishi anavisoma," akasema taratibu. "Nimegawa barua miaka sita."

"Na mwenye barua akiwa hayupo?"

"Nairudisha. Naandika juu yake: *parti sans laisser d'adresse*. Ameondoka bila kuacha anwani."

Maneno hayo aliyaona kwenye bahasha ya Esteri, barua aliyomwandikia mumewe ikarudi.

Leonidasi akaishusha bastola.

"Ego, ndivyo," akaitikia kwa sauti ndogo. "Zangu kwa kaka yangu zilirudi tatu, zimeandikwa hivyo."

Akafungua kifuniko cha redio yake ya National, akatoa karatasi.

Tamimu akaipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ukamvunja Leonidasi kifundo cha mkono. Dakika mbili baadaye, Leonidasi akiwa kafungwa pingu na ufunguo wa kufuli umetoka mfukoni mwake, Tamimu alikuwa nje, kwenye redio ya Land Rover yake.

"Dawa?" akauliza mkubwa wake kutoka Kigoma.

"Ninayo. Mgonjwa mje mmchukue."

"Ilete Kigoma."

Tamimu akayatazama majina mia mbili, la Esteri likiwamo. Karatasi ile ikibaki popote, hata Kigoma, kuna siku ingevuka mpaka. Akawasha kiberiti, akaishika karatasi mpaka moto ukamfikia vidoleni.

"Imeungua, mkubwa."

Akazima redio, akaenda zake kutafuta chai.