Bichi ya Koko Marthe

Kila asubuhi Belyse alikwenda kwenye kisima cha pampu pale Rubondo, akajaza bidoni mbili, akampikia uji bibi yake, Koko Marthe, ndipo akakimbilia shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na yote ameiishi hapo hapo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Hata mji wa karibu, Mbarara, hajaukanyaga.

Siku moja Mwalimu Musoni akatangaza darasani, "Kila mtu achore mahali alipopaona kwa macho yake, na chini aandike ni wapi. Mchoro mmoja utakwenda kwenye maonyesho ya shule kule Mbarara, na mchoraji wake atakwenda nao."

Elisée, wa dawati moja na Belyse, alichora foleni ya pampu. Belyse akaona aibu kuchora vumbi la kila siku. Akakumbuka jinsi Koko anavyoitaja bichi ya Bukavu, kule Kongo, alikofanya kazi ujanani. Bichi anaijua, kaiona kwenye simu ya jirani. Akachora mchanga mweupe, miavuli na watu wanaoogelea. Chini akaandika: "Bukavu, nilipoishi nikiwa mdogo."

"We Belyse, si ulizaliwa hapa hapa Rubondo?" Elisée akamnong'oneza.

"Ulinizalisha wewe?"

Mchoro wa Belyse ukashinda. Wa Elisée ukawa wa pili. Elisée aliikunja foleni yake, akaitia ndani ya daftari.

Jioni Belyse akamwonyesha Koko ule mchoro. Koko akautazama, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mutoto wangu, hii ni fasi gani?"

"Si bichi ya Bukavu, Koko?"

"Muchanga huu wote ulitoka wapi? Kwetu bichi ni fasi bato zinafungwa! Gati hii, gati ile, zote kando ya ziwa, na muji mukubwa juu yake. Bato ya Goma ikifika, kelele mingi: bamama na magunia, basirikali, kuku! Mimi nilikuwa napita juu ya ubao mwembamba, gunia ku kichwa. Siku moja nilianguka ndani ya maji na sombe yote ya watu, majani ya muhogo ikaelea!" Akafuta machozi ya kicheko. "Na hapa chini umeandika nini?"

Belyse akasita, kisha akamsomea. Kicheko cha Koko kikakatika.

"Uliishi Bukavu lini, wewe?"

Usiku Belyse akawaza: angenyamaza, mwalimu angejuaje? Lakini kila akifikiria safari, alimwona Elisée akikunja karatasi yake.

Kesho yake akamwendea mwalimu kabla ya kengele. "Mwalimu, nilidanganya. Bukavu sijafika. Na bichi yenyewe nimeikosea." Akaeleza yote.

"Safari ni ya Elisée," Mwalimu Musoni akasema. "Lakini bichi hiyo hata mimi sikuijua. Mwambie Koko aje atufundishe."

Belyse alilia. Kisha akamtafuta Elisée, akamwomba radhi.

"Nikirudi nitakusimulia Mbarara," Elisée akamwambia. "Yote nitakayoyaona. Sitaongeza chumvi!"

Ijumaa Koko Marthe akasimama mbele ya darasa, kitenge chake kizuri kiunoni. Akaeleza gati na bato, akatembea juu ya benchi kama aliye juu ya ubao, watoto wakapiga makofi. Mwishowe akashuka. "Aksanti, batoto. Tangu nikimbie vita, hakuna mutu aliniuliza kazi yangu ilikuwa gani."

Belyse akachora upya huku Koko akimwelekeza: hapa ubao, pale kamba. Chini akaandika: "Gati za Bukavu, kama alivyoziona Koko Marthe." Mwalimu akaubandika mchoro ukutani. Belyse akapiga goti mbele ya bibi yake.

"Asante, Koko. Bila wewe nisingekuwa na cha kuchora."

"Kuazima macho ya mukubwa si mubaya, mutoto wangu," Koko akamwinua. "Ubaya ni kusema ni yako. Sema ni ya nani, umushukuru, na hakuna atakayekunyima tena."