Nukta Baada ya Neno la Kwanza

Kila siku kabla ya uji wa saa nne, Tusajigwe wa darasa la sita alikwenda kuwasaidia watoto wa darasa la tatu somo la Kiingereza, na kila siku alikwenda amekunja pua. Zamu hiyo alipewa na Mwalimu Albano, kwa sababu katika shule yao ya Boko hakuna mwanafunzi aliyemshinda kwa Kiingereza. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wadogo zake herufi kubwa hukaa wapi, na nukta huwekwa wapi.

Kazi ilimtia kinyaa. Madaftari yalikuwa na alama za vidole vyenye mafuta ya maandazi, kurasa zimenatana. Wa kumchefua zaidi alikuwa Gladness, msichana mwembamba wa dawati la mbele, ambaye kamasi zake hazikukauka hata siku ya jua kali. Akikosea nukta, aliifuta kwa mate na kidole mpaka karatasi itoboke.

"Gladness! Mate tena?"

"Nimesahau kifutio, sista."

"Basi liache hivyohivyo. Uchafu gani huu!" Tusajigwe alilisukuma daftari kwa ncha ya rula. "Sikilizeni nyie. Ukisoma, usisimame mpaka uione nukta. Mmesikia?"

"Ndiyo, sista!" wakaitikia wote.

Aliwaambia hivyo, lakini moyoni aliona nukta ni mambo ya watoto. Yeye mwenyewe alikuwa akiandika harakaharaka bila kuziweka. Msomaji mwenye akili ataelewa tu, alijisemea.

Jumatatu moja, harufu mbaya ilitanda uwanjani. Bi Genoveva, aliyeshughulikia usafi wa shule, alifungua koki ya simtanki lililo nyuma ya madarasa, yakatoka maji yenye vinyweleo. Akapanda ngazi, akainua kifuniko, akashuka mbio huku amejiziba mdomo kwa khanga.

"Panya buku, mwalimu! Amevimba, tumbo juu. Ngozi inambanduka."

Mwalimu Albano alitema mate pembeni. "Fundi atakuja mchana kulimwaga na kulisugua. Ile koki ni mbovu, haifungiki. Tusajigwe, chukua boksi na maka peni, utuandikie tangazo." Katika shule ile matangazo yote yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo akamtajia maneno polepole: "No. Drinking water is at the office." Yaani hapana, msinywe hapa, maji ya kunywa yako ofisini. "Usisahau nukta baada ya neno la kwanza."

"Sawa, mwalimu."

Tusajigwe aliandika kwa mkono mmoja, kwa mwingine ameibana pua. Uvundo ulikuwa ukimwingia mpaka kooni. Alipachika herufi zote kubwa kwa mkupuo mmoja, NO DRINKING WATER IS AT THE OFFICE, akalining'iniza tangazo kwenye koki, akakimbia.

Wakati wa mapumziko watoto wa darasa la tatu walicheza rede juani. Tusajigwe alipopita nyuma ya madarasa, aliwakuta watano wameinama kwenye ile koki, Gladness akiwa amekinga viganja na maji yakimchuruzika kidevuni.

"Mnafanya nini? Hamjui kusoma?"

"Tumesoma, sista," Gladness alijibu huku akijifuta kwa mkono wa shati. "Wameandika ofisini hakuna maji ya kunywa. Ndo tukaja hapa."

Tusajigwe aligeukia boksi. Akasoma kama walivyosoma wao, moja kwa moja bila kusimama, kwa kuwa hapakuwa na nukta ya kumsimamisha. Ni kweli. Tangazo lake lilisema ofisini hakuna maji ya kunywa.

Kabla hajasema neno, mtoto mmoja alijishika tumbo akatapika. Uji ulitoka na maji ya rangi ya kutu, na ndani yake vinyweleo vyeusi. Wawili wakakimbia kumwita mwalimu. Hapo hofu ikamshika. Maka peni ilikuwa bado mfukoni mwake. Akaitoa, akabandika nukta nene baada ya neno la kwanza la tangazo.

Mwalimu Albano alifika akihema. Akaangalia matapishi, kisha tangazo. "Mbona liko wazi? Gladness, nukta hukuiona?"

"Haikuwepo, mwalimu."

"Unakunywa maji ya mzoga, halafu unaongeza na uongo?"

Macho ya Gladness yalijaa machozi. Alimtazama Tusajigwe, akainamisha kichwa. "Labda mie ndo sikuiona, mwalimu. Sista alitufundisha tuangalie nukta."

Tusajigwe alijisikia ananuka. Si nguo zake, ni yeye mwenyewe. Mtoto aliyemdharau kwa kamasi alikuwa anajitwika kosa lisilo lake.

"Asiadhibiwe," alisema. "Nukta nimeiweka sasa hivi. Iguse, mwalimu."

Mwalimu aliigusa. Dole gumba lake likatoka na weusi wa wino mbichi. Aliwachukua watoto watano kwenda zahanati ya jirani, wakapewa dawa na maji ya chumvi na sukari. Mmoja aliharisha siku mbili, lakini ilipofika Alhamisi wote walikuwa wamerudi darasani.

Mchana ule fundi alipolilaza simtanki, Tusajigwe alimsaidia Bi Genoveva kulisugua. Utelezi wa kijani ulimganda vidoleni, na mara mbili alikwenda kutapika pembeni. Jioni alifuatana na mwalimu hadi kwa mama yake Gladness, akaeleza yote kwa kinywa chake, hata kwamba aliona nukta ni mambo ya watoto, na kuomba radhi, kwa mama na kwa mtoto.

Walipotoka pale, Mwalimu Albano alisimama njiani.

"Ulidhani nukta ni ya watoto," alimwambia. "Ni kweli ni yao. Wao ndio walioitafuta wajue wanywe wapi. Unapoandika, mwanangu, msomaji hana namna ya kukuuliza ulikusudia nini, anafuata ulichoweka. Basi weka kila kitu mahali pake. Na ukikosea, sema papo hapo. Kukosea nukta kungeweza kumpata yeyote, hata mimi. Lakini ulipoificha ukanyamaza, ulitaka mtoto mgonjwa aitwe mwongo. Hilo ndilo lililonitia kinyaa leo kuliko yule panya."