Kamba ya Kwenda Chooni

Asubuhi nyumba ya Pastory pale Rusimbi ilikuwa na amani. Mkewe, Veneranda, akiwasha mkaa, Pastory alishika kamba kwa mkono wa kushoto akaanza safari. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wote wa kulia. Kamba hiyo ya nyavu Veneranda aliifunga kutoka mlangoni, ikapita kwenye mpapai, ikaishia chooni. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alikuwa amesema, "Kila siku, mzee, hata kidogo." Pastory hakutaka makubwa. Alitaka kwenda chooni mwenyewe na kufunga mlango. Nyie mnaokwenda huko huku mnachezea simu, hamjui hilo ni jambo gani!

Siku kadhaa baadaye akafika kwenye mpapai. Ndipo malaria ikamlaza. Alipopata nafuu miguu ilitetemeka, na hata mlango ulikuwa mbali. Alilia kwa hasira, kisha akaanza upya. Siku chache tu, akateleza, kifundo cha ule mkono mzima kikavimba.

Basi wakaja watu wa pole! Dada yake mkubwa, Dorotea, alipanda bodaboda kutoka Kidahwe, akaingia, akachukua kisu cha jikoni na kuikata ile kamba.

"Wifi, unataka kumuua ndugu yangu? Mgonjwa analala!"

"Dada, hospitali wamesema..."

"Hao wa hospitali ndio waliomzaa? Leta beseni, ajisaidie hapo hapo!"

Majirani, na samaki wao, migebuka, kwenye hotpoti, wakaitikia, "Kweli kabisa, mwacheni apumzike." Walimlisha, wakatoa pole, wakaenda zao. Kumwaga beseni, hakuna aliyebaki. Inaudhi, jamani!

Mguu ukakakamaa. Mgongo ukaanza kuchubuka kwa kulala. Pastory naye akakata tamaa, akageukia ukutani. Mpaka siku moja, sebule alimolazwa imejaa wageni, Dorotea alimfunika kanga, akamsogezea beseni, na maongezi yakaendelea kana kwamba pale hapana mtu. Mgeni mmoja akaangua kicheko kwa habari zake za sokoni. Pastory alilipiga beseni teke kwa mguu mzima, likabingirika hadi kwenye viatu vya wageni.

"Kamba!" alinguruma. Ulimi ulikuwa bado mzito, lakini neno hilo lilitoka lote. "Vene, kamba! Na hawa, nje!"

Dorotea aliondoka akilia kwamba ametukanwa. Veneranda hakumbembeleza. Aliunga vipande vya kamba, na kesho yake wakaanza kwa kukaa tu ukingoni mwa kitanda. Kuna siku homa ilirudi. Kuna siku mguu uligoma na Pastory akautukana matusi mazito. Siku hizo walifanya kidogo, lakini walifanya.

Mvua zilipokatika, Dorotea alirudi, akakuta kitanda kitupu. Alikimbilia uani, akaugonga mlango wa choo.

"Pastory! Umo humo? Nani kakuleta?"

"Nimekuja mwenyewe," sauti ikajibu. "Subiri huko, dada. Nimefunga."

FUNZO

Ndugu zangu, mgonjwa anayejikongoja akianguka, mwinueni, msimlaze. Homa itamrudisha nyuma, na kuteguka kutamrudisha nyuma. Aanze tena pale alipo, hata kama ni kukaa kitako tu. Wewe mgonjwa, kasirika ukitaka, lakini usigeukie ukutani. Na wewe mwenye pole nyingi, kama huwezi kumshika mkono akitembea, kaa na pole yako huko kwenu.