Benchi Lililopinduliwa

Mke wa mwanangu, fundi cherehani, ndiye aliyenisimulia haya, mwaka uliofuata ule wa barakoa, tukikunja nguo za wateja wake. Yalipotokea mimi nilikuwa mbali, na safari zilikuwa zimefungwa.

Kila asubuhi alishona barakoa, mguu kwenye pedeli, na binti yake Kidoti akimbeba mdogo wake mgongoni, maana shule nazo zilifungwa. Huyo mdogo tulimwita Mzee. Alizaliwa na kipara, uso kaukunja kama aliyepewa chai isiyo na sukari.

Mzee alipotimiza miezi tisa alitakiwa kuchanjwa surua. Mama yake alimpeleka kliniki, akakuta manesi wa chanjo wamehamishiwa wodi ya wagonjwa wa ule ugonjwa mpya. Akaambiwa arudi baadaye. Wiki zikapita, ndipo akamtuma Kidoti akaulize kama wameanza tena.

Kidoti akafika getini. Benchi wanalokalia akina mama lilikuwa limepinduliwa, miguu juu. Mlinzi alijifunika uso wote, kabaki macho, anawapulizia watu dawa mikononi. Mtoto wa watu akaogopa, akageuza njia.

"Umeuliza?" mama yake akasema, macho kwenye sindano.

"Nimeuliza. Hakuna chanjo."

Baadaye Mzee akashikwa na homa. Jirani yao, muuza mkaa, akasema ni meno tu, huyo anajiandaa kututafuna. Wakacheka. Kisha macho yakawa mekundu, kikohozi kikambana, vipele vikaanzia nyuma ya masikio vikashuka mwili mzima. Akakataa ziwa. Hapo hakuna aliyecheka.

Mama alikimbia naye kliniki, Kidoti nyuma na mkoba. Nesi alimtazama mara moja tu, akasema ni surua. Akauliza kwa nini hakuchanjwa, na chanjo imerudi zamani, inatolewa kibaraza cha nyuma. Benchi walilipindua wenyewe ili watu wasikae wamebanana.

Mama akageuka, akamtazama binti yake.

"Sikuuliza, mama," Kidoti akasema. "Niliogopa."

Mama hakumpiga. Alimgeuzia mgongo, akamfuata nesi ndani. Kidoti anasema afadhali angepigwa.

Mzee akalazwa, mbavu zikivutika kila akipumua. Mama alimwuliza nesi kama mtoto atapona. Nesi hakutaka kumdanganya. Surua haina dawa ya kuiua, alisema, wao wanamsaidia tu apigane nayo. Wakampa matone ya vitamini A, wakamtibu kifua. Kidoti hakuruhusiwa kuingia. Alikaa chini kando ya lile benchi, siku baada ya siku, mpaka mama yake alipotoka kumwambia Mzee amenyonya.

Siku ya kuruhusiwa nesi alimwita Kidoti.

"Kuogopa si kosa, mwanangu. Ungesema umeogopa, mama yako angekuja mwenyewe. Na huu ugonjwa mpya haujayafukuza yale ya zamani, bado watoto wanahitaji chanjo. Basi nenda ukawaambie wenye watoto tupo kibaraza cha nyuma."

Kidoti akapita mlango kwa mlango, akianza na muuza mkaa, aliyekuwa na kichanga ndani. Kila mlango alieleza pia jinsi alivyomdanganya mama yake.

Aliporudi, Mzee alikuwa amelala. Kidoti akajilaza ubavuni pake, naye usingizi ukamchukua. Mama akakaa kwenye cherehani amalizie barakoa moja. Uzi ukakatika. Akaegemeza kichwa mezani, mguu ungali kwenye pedeli, akalala.