Bandeji Hukunjwa na Watu Wawili

Ilikuwa Jumamosi, mwaka hamsini na tano, nasi pale Mabawa tumekwisha kula muhogo wetu wa mchana. Mguu wangu ulikuwa na donda. Dada yangu Benedikta, aliyekuwa amerudi kutoka unesi wa jeshi huko vitani Kenya, alichana kanga kuukuu iwe bandeji, akaifua, akaianika ikakauka.

"Kristina, njoo unishikie ncha. Na usinichekee, mguu wenyewe unanuka kama dagaa!"

Basi, wajukuu zangu, akawa anakunja huku ananisimulia. Kule msituni manesi walilala wawili hema moja, blanketi moja, tope jekundu mpaka kitandani. Chai ya rangi, kunde zenye wadudu. Bandeji zilikuwa haba. Zenye damu zilifuliwa, zikachemshwa kwenye debe, zikaanikwa juu ya kamba za hema. Kisha mmoja hushika ncha akaikaza, mwingine hukunja. Mwenzake alikuwa Ruthi, Msambaa wa Mlalo.

"Risasi zikalia tunakunja. Ruthi akaniambia, 'Da Bene, usiachie, itaingia tope.' Nikaachia. Nikakimbia. Yeye akabaki kuiokota, akabaki hukohuko."

 Akaendelea kukunja.

Mara chungu kikafurika jikoni. Nikaachia ncha, nikakimbia.

Niliporudi, kitambaa hakikuwa kimeanguka. Kimenyooka. Kimekazwa. Upande wangu hapakuwa na mtu.

"Dada," nikanong'ona, "achia."

"Niliachia mara moja, mdogo wangu. Inatosha."

Akakunja. Kila mzunguko ukamvuta hatua moja mbele. Meno yakagongana kwa baridi, na jua lile linachoma bati! Nikamkumbatia kiunoni. Nikavuta. Nikamwita Mama. Nikavuta tena. Miguu yake ikaburuzika sakafuni, nami nyuma yake.

Mama alipofika, Benedikta alikuwa ameketi kaegemea ukuta, amefumba macho. Baridi kama mtungi. Bandeji yote imekunjwa, iko kiganjani.

Padri alikuja. Mganga wa Kidigo akaja. Cha kutibu hakikuwapo tena.

Baada ya mazishi Mama aliikunjua ile bandeji anifunge donda, maana kitambaa kingine hatukuwa nacho. Ilikuwa kavu kote, ila ncha ya nje. Ile ncha niliyoiachia mimi ilikuwa mbichi, ina alama za vidole vinne vya tope jekundu. Na Mabawa yetu ni mchanga mtupu.

Mama aliichemsha mara tatu. Vidole havikutoka.