Macho ya Masizi

Kila asubuhi Mama Pacha aliwahi kituoni kabla mbwa hawajaanza kubweka. Alifagia mabanda, akaosha mabakuli, akaweka maji safi. Kituo hicho kilitunza mbwa na paka waliotupwa. Kazi yake aliijua vizuri, angeweza kuifanya amefumba macho.

Jumatano mkuu wa kituo alimwita ofisini, akamkabidhi mfuko mweusi.

"Mpiga picha wetu ameacha kazi. Kuanzia leo wanyama utawapiga picha wewe."

"Mimi, bosi? Mimi wa fagio?"

"Wewe ndiye waliyekuzoea. Ijumaa mchana bango la picha zao linakwenda kuchapishwa. Jumamosi watu wanakuja kuchagua wa kuwafuga. Mbwa wakubwa watakaobaki watapelekwa kwenye maghala, wakalinde."

Mama Pacha akamkumbuka Masizi hapo hapo. Masizi alikuwa mbwa mzee, mweusi tii, anayechechemea mguu mmoja wa nyuma. Mama Pacha akifagia, Masizi yuko nyuma yake hatua kwa hatua. Huyo akalinde ghala? Afungwe mnyororo na uzee ule?

Alirudi mabandani kwa Masizi, akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kamera kubwa ya dijitali, nzito, yenye lenzi ndefu ya kuchomoa. Akaiwasha, akainyoosha mbele kwa mikono miwili kama mtu anayepiga picha kwa simu. Kioo cha nyuma kilionyesha namba tu. Mbwa hayupo.

"Imekufa hii?" alijiuliza. Akabonyeza.

Taa ndogo ikachomoka juu ya kamera, ikamulika pwaa! Masizi akakurupuka, akajificha nyuma ya ndoo. Picha ikatokea: ukuta mweupe, doa jeusi, basi.

Jioni alimwonyesha mumewe.

"Huyu ni mbwa au sufuria iliyoungua?" aliuliza Baba Pacha.

"Usinicheke, mume wangu. Nimechanganyikiwa."

"Sikucheki. Nauliza tu kama inasugulika."

Mama Pacha akacheka bila kupenda. Kisha machozi yakamlengalenga. Mumewe akaacha mzaha.

"Nenda kwa Bi Fleshi. Niachie mapacha."

"Nikamwambie nini? Kwamba nimepewa kazi nisiyoijua?"

"Mwambie hivyo hivyo. Kwani ni uongo?"

Bi Fleshi alikuwa jirani yao, mpiga picha za harusi. Alhamisi asubuhi alifuatana na Mama Pacha mpaka kituoni.

"Kwanza, shoga, mbona unaishika kama sinia? Ilete jichoni. Juu ya kioo kuna kitundu, chungulia."

Mama Pacha akachungulia. "Ee! Kumbe Masizi alikuwepo!"

"Sasa bonyeza nusu."

"Nusu ya nini?"

"Nusu ya kitufe. Kiguse, usikizamishe. Kinukta cha humo ndani kiweke juu ya jicho la mbwa. Ikilia pii, ndipo umalizie. Jicho likitoka safi, mkia hata ukififia hakuna atakayeuliza."

Mama Pacha akabonyeza nusu. Pii. Akamalizia. Masizi naye akageuza kichwa.

"Maskini, ana nyuso mbili!"

"Ulimpiga taratibu mno. Mnyama hatulii kama bwana harusi. Zungusha hili gurudumu la juu, lifike kwenye herufi ya kasi. Kisha hili dogo, mpaka mia tano."

"Mia tano za nini?"

"Gawa sekunde moja vipande mia tano. Unapiga kipande kimoja."

"Sekunde yenyewe siioni, nitaona kipande chake?"

"Kamera itakiona."

"Lakini mia tano ni nyingi. Mbona unasema ni haraka zaidi?"

"Mkate ukiukata vipande vingi, kila kipande kinakuwaje?"

"Kinakuwa chembamba."

"Basi ndiyo hivyo."

Mama Pacha alitikisa kichwa. Alielewa mkate. Sekunde bado.

"Na ile taa ya fleshi?"

"Izime. Wewe ukimulikwa usoni unafurahi?"

"Unasema hivyo wewe, Bi Fleshi mzima?"

"Maharusi hawang'ati, shoga!"

Kisha akaonyesha ukuta. "Hapa peupe mno. Kamera ikiona weupe wote huu, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Mbwa mweusi anazama. Mpeleke penye kivuli, nyuma yake pasiwe peupe, mwanga umwangukie usoni. Na upige magoti. Ukimpiga kwa juu, unapata mgongo."

Simu yake ikaita. Bibi harusi alikuwa analia, nywele zimeharibika. Bi Fleshi akaondoka mbio.

Ijumaa Mama Pacha alibaki peke yake na vitufe vyake. Alizungusha gurudumu, akapotea. Akarudi, akapotea tena. Herufi ya kasi ni ipi? Alipata picha za sikio, picha za sakafu, picha tatu za kiatu chake. Saa tano ikafika.

Akaacha kuhangaika. Akampeleka Masizi mlangoni mwa stoo, penye kivuli, mlango wa mbao nyuma yake. Akaitafuta mia tano, akaipata. Akapiga magoti, akaleta kamera jichoni.

"Masizi," aliita kwa sauti ile ya kila asubuhi.

Masizi akainua kichwa. Nusu. Pii. Akamalizia.

Kwenye kioo alikuwa mbwa. Manyoya yalionekana moja moja, na macho mawili ya kahawia yalimtazama sawasawa. Mama Pacha hakujua amefanya nini na nini. Aliikimbiza ofisini kabla hajagusa kitufe kingine.

Jumamosi mzee mmoja alifika na bango mkononi.

"Namtaka huyu. Nimekutana naye ukutani sokoni. Nikienda kulia ananitazama, nikienda kushoto ananitazama."

"Ni mzee, baba," alisema Mama Pacha kwa woga. "Anachechemea. Hawezi kulinda nyumba."

"Mlinzi nilikuwa mimi, miaka thelathini, zamu za usiku. Mwenzangu sijawahi kuwa naye. Nani kasema nataka mlinzi?"

Masizi akanusa viatu vya mzee, akavilalia.

Wakatoka langoni wawili hao. Mzee alitangulia hatua mbili, akageuka, akamwona mbwa na mguu wake. Akapunguza mwendo, wakaenda sambamba. Mama Pacha alibaki ameshika kamera, hajui acheke au alie.