Kunegunda Hajabadili Jina

Koti lilikuwa la kijani, zito, la mtumba, na Kunegunda ndiye aliyelichomoa kwanza kwenye rundo. Hilo lieleweke. Alipolivuta alikuta mkono mmoja wa koti umeshikwa na mwanamume mrefu mwenye suruali ya marinda na shati la mikono mifupi, anatetemeka kwa baridi ya Juni katikati ya soko la Songea.

“Kaka, achia.”

“Dada, mimi nimetoka Tunduru. Huku kwenu nitakufa.”

“Kafie kwenu. Koti la kike hili, huoni vifungo viko kushoto?”

Akavitazama vifungo, akacheka, akaachia. “Basi nitajie jina, nikifa nimjue aliyeniua.”

“Kunegunda,” alijibu kwa shingo upande. Tangu shuleni alilichukia jina hilo, maana kila aliyelisikia alicheka. Huyu, Daimu kwa jina, hakucheka. Alilirudia polepole kama anayeonja mchuzi, na hapo Kunegunda akaona haya.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa watu binafsi, na Daimu alinunua korosho kwa niaba ya kampuni moja kule Nalasi, Tunduru. Songea alikuja mara mbili kwa mwezi. Siku nyingine alipiga simu dukani kwa Makarius, ambako Kunegunda aliweka cherehani yake barazani.

“Mngoni wangu, umekula?”

“Nimekula. Wewe Myao umeshiba korosho?”

“Nina njaa ya sauti yako, laazizi.”

“Njaa hiyo haina ugali. Kata simu, nina mteja.”

Mteja hakuwepo, wala simu haikukatwa.

Miezi saba baadaye Daimu alikuja na dada yake, Sharifa, aliyetaka kumwona wifi. Kunegunda akavaa koti la kijani, akawapeleka Makumbusho ya Majimaji, pale mtaa wa Mahenge, kwa sababu babu wa babu yake alikuwa miongoni mwa walionyongwa na Wajerumani. Hakuwahi kumpeleka mwanamume yeyote pale.

Mbele ya kaburi la pamoja Sharifa, ndani ya baibui jeusi na uso wa bashasha, akamkumbatia kwa nguvu. “Alhamdulillahi! Mwanaheri wetu! Mama anakusubiri kwa hamu.”

Kunegunda akageuka kuona kama kuna mtu nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

“Mwanaheri nani?”

“Si wewe, wifi? Daimu katuambia umekubali kusilimu, na jina hilo umelichagua mwenyewe.”

Daimu, bingwa wa maneno, akawa anatazama viatu vyake.

Kunegunda akalinyooshea kaburi kidole. “Sogea hapa,” alimwambia. “Hawa walikuwa wafungwa. Padri alikuja gerezani kabla ya kitanzi. Waliotaka kubatizwa walibatizwa, waliokataa wakanyongwa na majina yao ya kuzaliwa. Watu wa kunyongwa, Daimu, waliulizwa! Mimi niko huru, nina cherehani yangu, na wewe hukuniuliza!”

“Niliogopa mama atakataa. Nilitaka akupende kwanza, halafu…”

“Ampende nani? Mwanaheri? Basi kamuoe huyo Mwanaheri!”

“Kumbe ni uongo?” Sharifa naye akamgeukia ndugu yake. “Umenitoa Tunduru nije nimwite mtu jina la kubuni? Mwanaume mzima huna aibu!”

Kunegunda akaondoka kwa miguu. Koti hakulivua, kwani lilikuwa lake tangu mwanzo.

Wiki tatu simu ililia dukani. “Mwambie nimekufa,” alisema.

“Anasema amekufa,” Makarius, asiyejua kudanganya, alipeleka ujumbe. “Yuko hapa anashona.”

Alishona kwa ghadhabu mpaka sindano mbili zikavunjika. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Wiki ya nne Makarius akamwita. “Ni mama mmoja. Anakutaka kwa jina.”

“Namtaka Kunengunda,” sauti ya kikongwe ilisema kutoka posta ya Tunduru.

“Kunegunda.”

“Kune… gunda. Mwanangu, jina hili limenitoa jasho.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mimi Zabibu, mama yake Daimu. Nimeambiwa ukweli na nimekasirika, sikufichi. Hilo la wewe kubaki Mkristo sikulipenda. La kudanganywa na niliyemzaa nimelichukia zaidi. Nimemwambia aje akuulize mwenyewe. Hajafika? Katoka juzi.”

Kunegunda akainua macho. Daimu alikuwa amesimama mvuani, nje ya baraza, matope ya njia ya Tunduru yamempanda hadi magotini. Akaaga, akaweka simu, akarudi kwenye cherehani.

“Kunegunda, nisamehe. Tutafunga ndoa bomani, kila mtu na dini yake, na jina lako…”

“Nyamaza! Unajibu tena kabla hujauliza.”

Maji yalimtiririka usoni.

“Haya, uliza.”

“Kunegunda,” alisema, bila kuruka hata herufi moja, “utakubali nikuoe?”

Hasira ilikuwa haijamtoka. Alimalizia kwanza mshono uliokuwa chini ya sindano, taratibu, hadi ncha ya kitambaa, akakata uzi kwa meno. Kisha akajibu, kwa mdomo wake mwenyewe:

“Ndiyo.”